Nchi ya Maharage na Miavuli

Nchi ninayoizungumzia haimo kwenye ramani ya darasani kwetu, kwa sababu upande huo wa ramani uliliwa na panya. Mwalimu wa jiografia alituambia tusihuzunike, kwani panya wale wale walikula bahari nzima na hawakupata madhara. Kwa hiyo msomaji akikuta humu jambo linalofanana na la kwao, ajue ni bahati mbaya tu, na aendelee kusoma kwa sauti ya chini.

Katika nchi hiyo palikuwa na Wizara ya Ulinganisho. Kazi yake ilikuwa kuwalinganisha wananchi wa pale na wananchi wa nchi jirani, kisha kutangaza kwamba wa pale wanaongoza. Ilikuwa wizara yenye furaha, mpaka mwaka ule ilipotoka ripoti ya wageni iliyosema kwamba mlaji wa nchi jirani ana uwezo mkubwa wa kununua kuliko mlaji wa hapa. Mkuu wa Nchi aliisoma ripoti hiyo akiwa anakunywa chai, na chai ikapoa. Kupoa kwa chai hiyo kulitangazwa kwenye taarifa ya habari mara nne.

Waziri wa Ulinganisho, Mheshimiwa Tabaruki Mpingo, alipewa siku saba ailinganishe nchi upya, na safari hii ailinganishe vizuri.

Nataka tumtendee haki Mheshimiwa. Siku tano za mwanzo alijaribu kwa njia ya kweli. Alituma makarani masokoni waulize watu wananunua nini. Makarani wakarudi na orodha ndefu: chumvi, dagaa, viberiti, kandambili, vocha, dawa ya minyoo, vifungo vya shati. Mama mmoja alikuwa amenunua nusu kipande cha sabuni na robo ya kitunguu, na karani aliyemhoji alipatwa na kizunguzungu kwa sababu fomu haikuwa na safu ya robo. Karatasi zilijaa vyumba vitatu. Hakuna aliyejua mlaji wa hapa anazidiwa kwa kiasi gani, ila kila aliyesoma zile karatasi alianza kusikia njaa.

Siku ya sita Waziri alikumbuka kwamba aliwahi kusoma uchumi kidato cha tano. Akakitafuta kitabu chake cha zamani, akakifungua kwenye sura inayoitwa Mstari wa Bajeti, na sentensi ya kwanza kabisa ikamfanya asimame juu ya kiti. Ilisema: "Tuchukulie kwamba mlaji hununua bidhaa mbili tu."

Sura iliyofuata ilikuwa imechanwa na wanafunzi waliomtangulia. Nawafahamu wanafunzi wa namna hiyo, na kwa niaba yao naiomba radhi nchi hiyo.

*

"Ndugu mawaziri," alisema Mheshimiwa Mpingo kwenye kikao cha baraza, "tatizo letu si hesabu. Hesabu ziko sawa tangu zamani. Tatizo ni wananchi. Wananunua ovyo."

"Ovyo kivipi?" aliuliza Waziri wa Biashara.

"Kitabu kinasema bidhaa mbili. Sisi tuna bidhaa ngapi?"

"Hazijahesabiwa."

"Umeona?"

Waziri wa Afya, ambaye alikuwa mgeni kazini, aliinua mkono nusu. "Samahani, Mheshimiwa. Nadhani kitabu kilikuwa kinarahisisha tu, ili mwanafunzi aelewe."

"Na sisi tunarahisisha. Au wewe umekuja hapa kugumisha?"

Waziri wa Afya hakuwa amekuja kugumisha. Alishusha mkono, na mpaka leo anautumia kwa kutia saini tu.

Ikabaki kuchagua zile bidhaa mbili. Ya kwanza haikuwa na mjadala. Maharage huliwa jeshini, magerezani na katika shule za bweni, na mahali pote hapo pana nidhamu. Ya pili ilichaguliwa baada ya utafiti wa kina uliochukua dakika sita. Ilikuwa miavuli. Katika nchi hiyo mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka, na mara ya pili huwa ni tetesi. Lakini ilitokea tu kwamba Bwana Hemedani, shemeji yake Waziri, alikuwa na maghala matatu yaliyojaa miavuli iliyokaa huko miaka tisa bila kuonana na mteja. Waziri alisisitiza kwamba undugu haukuzingatiwa. Shemeji naye alisisitiza hivyo hivyo, wakiwa kwenye gari moja.

Sheria ya Bidhaa Mbili ikapita. Polisi wakaingia madukani kuondoa vitu vingine vyote. Chumvi ikawa bidhaa ya tatu, kwa hiyo haikuwapo tena. Sabuni haikuwapo. Viatu havikuwapo. Shule za bweni zilisikia habari hizo kwa utulivu mkubwa, maana ilikuwa mara ya kwanza nchi nzima kula kama wao.

Kifungu cha kumi na moja kilieleza kwamba kiongozi ni mlaji wa aina ya pekee. Kwenye mchoro wake wa bajeti, mhimili mmoja ni utumishi kwa umma, na mhimili wa pili ni bidhaa nyingine zote.

*

Kila mwananchi alichorewa mstari wake wa bajeti, ukabandikwa mlangoni kwake. Mchoro wenyewe ni rahisi. Mhimili unaopanda juu unaonyesha kilo za maharage utakazopata ukitumia mshahara wako wote wa mwezi kwa maharage. Mhimili unaolala unaonyesha miavuli utakayopata ukitumia mshahara wote kwa miavuli. Unaunganisha ncha mbili kwa rula, na mstari unaopatikana ndiyo mipaka ya maisha yako. Sentimita moja kwa kilo, sentimita moja kwa mwavuli.

Sasa, kitabu kilitaka mtu autazame mstari huo na kufikiri. Wizara ilikuwa na rula, kwa hiyo ikaupima urefu.

Mwanzoni mstari wa mshonaji wa kawaida ulifika kilo nane za maharage upande mmoja na miavuli ishirini upande wa pili. Maharage yakapanda bei mara mbili, na mshahara ukabaki pale pale. Watu wakapiga kelele. Waziri, ambaye ana moyo laini, alisikia kelele hizo na siku hiyo hiyo akapunguza bei ya miavuli kwa nusu. Mstari mpya ukawa kilo nne kwa miavuli arobaini. Wizara ikaupima tena: kutoka sentimita ishirini na moja na kitu hadi arobaini na kitu. Uwezo wa kununua ulikuwa umeongezeka karibu maradufu katika wiki moja, jambo ambalo halijawahi kutokea popote duniani, na Mkuu wa Nchi akanywa chai ikiwa moto.

Nchi jirani ilipimwa kutoka mbali. Kwa mshahara wa mwezi mtu wa huko hupata kilo tisa za maharage au miavuli tisa. Mstari wake ulikuwa mfupi hata kuutazama unaona aibu. Haukufika sentimita kumi na tatu.

"Wanatuzidi kilo tano," alisema mzee mmoja aliyekuwa akisoma tangazo.

"Tunawazidi miavuli thelathini na mmoja," alijibu askari aliyekuwa akilinda tangazo. "Sogea, unaziba mstari."

*

Katika nchi hiyo aliishi Bi Siwatu, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya soko, mwanamke wa miaka hamsini na sita asiye na maneno mengi. Kwa kuwa nguo hazikuuzwa tena, kila mtu alimletea zilizochanika. Uzi alikuwa nao wa kutosha, tangu enzi za bidhaa nyingi. Alichokosa ni miwani. Wiki moja baada ya sheria, konstebo mmoja alikuja kuwekewa kiraka kwenye suruali, akakalia miwani ya Bi Siwatu. Alisema pole mara mbili, na kusema kweli alimaanisha.

Bila miwani Bi Siwatu aliona cherehani kama wingu lenye mkono. Watoto wa jirani walimtungia uzi, lakini hakuna mtoto anayeweza kukuonea mshono. Alimshonea mzee mmoja shati likawa halina pa kuingizia kichwa. Alijishona kidole cha shahada pamoja na sketi ya mwalimu. Nguo hamsini na mbili zilirundikana kwenye kapu, na wenyewe walianza kuja kuulizia wakiwa wamejifunika miavuli kwa mbele na kwa nyuma.

Akaenda dukani kwa Nassoro.

"Nassoro, miwani."

"Dada, nina maharage na miavuli."

"Mwaka jana ulikuwa nayo hapo juu, karibu na betri."

"Mwaka jana nilikuwa na betri pia." Nassoro akatazama mlangoni, akainama. "Nenda Ofisi ya Mistari. Na tafadhali usiseme niliwahi kuuza miwani."

Katika Ofisi ya Mistari alimkuta karani aitwaye Chubwa, kijana nadhifu mwenye rula mbili mfukoni, moja ya kazini na moja ya sherehe.

"Shikamoo, mama. Namba ya mstari wako?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya miwani."

Chubwa akautandaza mchoro wake mezani, akaweka kidole. "Tazama, mama. Uko hapa. Unaona?"

"Sioni. Ndiyo shida yenyewe."

"Basi nakusomea. Mstari wako una sentimita arobaini na nukta mbili. Mwenzako wa nchi jirani hafiki kumi na tatu. Kwa lugha nyepesi, wewe unamzidi zaidi ya mara tatu."

"Basi nipunguzieni mara moja, mnipe miwani."

"Haiendi hivyo. Uhuru wako uko juu ya mstari. Chukua kilo nne bila mwavuli. Chukua miavuli arobaini bila maharage. Au kaa katikati, kilo mbili na miavuli ishirini. Hakuna anayekulazimisha."

"Na miwani iko wapi hapo?"

Kwa haki kabisa, Chubwa aliugeuza mchoro akatazama nyuma yake. "Miwani iko nje ya karatasi."

"Nje wapi?"

"Nje tu, mama. Huko ukutani."

Alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mara ya tatu alipewa fomu ya kuomba bidhaa ya tatu, yenye visanduku viwili: maharage na miavuli. Mara ya nne aliambiwa afisa wa visanduku yuko likizo. Mara ya tano afisa alikuwa amerudi, lakini ilikuwa siku ya kupima, na hakuna anayehudumiwa siku ya kupima kwa sababu watu wakisogea mistari hutikisika.

Mara ya sita alikuja na kapu lake lote, akaliweka juu ya meza, juu ya mchoro.

"Chubwa, mwanangu, nisikilize. Hizi ni nguo za watu. Nisiposhona, silipwi. Nisipolipwa mwezi huu, hata hayo maharage sinunui. Huo mstari wako utakuwaje?"

Chubwa alifurahi, maana lilikuwa swali zuri la kitaaluma. "Kipato kikiwa sifuri, mstari hurudi mpaka kwenye kona, mama. Unakuwa nukta."

"Na nukta inapata nini?"

"Nukta haipati kitu, lakini tunayo rejista yake. Kila mwisho wa mwezi tunazifuta kwa raba ili mchoro wa taifa uwe safi."

Bi Siwatu aliketi kwenye benchi. Hakulia. Alisema tu hatoki, na mtu akitaka kumfuta aje na raba hapo hapo.

Ilikuwa ni saa hiyo hiyo ambapo simu ya wizarani iliingia. Mjumbe wa nchi jirani alikuwa anakuja kwenye Siku ya Ulinganisho, na alitakiwa haraka mlaji wa mfano, mtu mzima, mtulivu, mwenye mstari mrefu, atakayesoma hotuba ya shukrani. Chubwa aliinua macho kutoka kwenye simu, akaliona benchi.

"Mama, ungependa kuonana na Waziri?"

"Atanipa miwani?"

"Atakusikiliza."

"Nimwambie nini?"

"Usihangaike, ameshaandika."

*

Mimi sikuwapo uwanjani siku hiyo. Wanafunzi wa bweni waliopangwa juani tangu saa kumi na mbili asubuhi kupunga bendera nao wanasema hawakuwapo, kwa sababu wameonywa. Basi haya yameelezwa na watu ambao hawakuwapo, na wote wanaeleza sawasawa.

Mistari miwili ilichorwa kwa chokaa katikati ya uwanja, mmoja wa hapa na mmoja wa jirani. Wa hapa ulivuka uwanja, ukatoka getini na kusimama mbele ya kituo cha polisi. Mjumbe wa nchi jirani, Bibi Namtira, mwanamke mpole mwenye kibeti cheusi, alitembezwa juu ya mstari wote akiwa na viatu vya kisigino, na alipofika mwisho alisema umemchosha sana. Waziri aliamuru maneno hayo yaandikwe kama sifa.

Kisha mshereheshaji akasoma kanuni za shukrani. Mwananchi anapoishukuru Serikali, ni kosa kumkatiza. Ni kosa kuondoka kabla hajamaliza. Ni kosa kumharakisha, maana shukrani ya haraka hufanana na dharau. Watu walipiga makofi, kwa kuwa kutopiga pia kulikuwa kosa.

Bi Siwatu alipanda jukwaani na kapu lake. Akapewa kurasa nne zilizopigwa chapa. Akazisogeza karibu, akazipeleka mbali, akazirudisha karibu.

"Soma, mama," alinong'ona Chubwa.

"Siwezi. Sina miwani."

Kipaza sauti kilikuwa kizuri, kimojawapo cha zile bidhaa nyingine zote za viongozi, na maneno yale yakafika mpaka kituo cha polisi.

Bibi Namtira aliegemea mbele. "Kwa nini hana miwani?"

Hapo, ndugu msomaji, nchi nzima ilining'inia. Wanafunzi waliacha kupunga. Waziri aliona urefu wa mstari wake ukifupika mbele ya macho yake, na ni katika nyakati hizo mtu mkubwa hujulikana. Akasimama, akavua miwani yake mwenyewe yenye fremu ya dhahabu, akamvisha Bi Siwatu kwa mikono yake miwili.

"Katika nchi hii," alitangaza, "tunagawana! Atakaa nayo mpaka atakapomaliza kushukuru!"

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Bibi Namtira naye akapiga. Waziri akapapasa kutafuta kiti chake, akakikosa, akakalia cha pili yake, ambacho kilikuwa na Bwana Hemedani ndani.

Miwani ya Waziri ilikuwa ya kuonea mbali na karibu, na ilimfaa Bi Siwatu kana kwamba ilipimwa kwake. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne aliona vidole vyake. Alivitazama kimoja kimoja, akaangalia jeraha la kile alichokishona. Halafu akashika karatasi na kusoma kwa sauti safi: "Mimi, mlaji wa nchi hii, natoa shukrani."

Akaweka karatasi chini. Akachomoa sindano iliyokuwa imechomekwa kwenye ukosi wa gauni lake, akakata uzi kwa meno, na kuutunga. Uliingia mara ya kwanza. Kipaza sauti kilinasa pumzi yake aliposhusha mabega.

Kisha akaketi kwenye ngazi ya jukwaa, akatoa kapuni suruali ya konstebo, akaanza kushona.

Dakika ishirini zikapita. Suruali ikaisha. Bi Siwatu akaikung'uta magotini, akamkabidhi konstebo aliyekuwa akilinda jukwaa, akashika karatasi tena. "Kwa moyo mkunjufu," alisoma. Akaiweka chini na kuchukua sketi ya mwalimu.

Chubwa alisogea kwa vidole vya miguu. "Mama, endelea basi."

"Mwanangu, unaniharakisha?"

Chubwa alimtazama mshereheshaji, aliyekuwa ameshika karatasi ya kanuni kwa mikono miwili, akarudi nyuma.

Wa kwanza kuinuka alikuwa mzee wa lile shati lisilo na pa kuingizia kichwa. Akasimama nyuma ya kapu. Akafuata mama mwenye gauni lililochanika ubavuni. Wakaja makarani, viwiko vimetoka nje, halafu bendi ya polisi, kila mmoja ameweka ala chini na kushika tundu la sare yake. Hakuna aliyekuwa anaondoka, hakuna aliyemkatiza mtu. Walipanga foleni juu ya mstari wa chokaa kwa sababu ulikuwa mrefu na umenyooka. Bibi Namtira alitazama koti lake, akagundua kifungo kimoja kinaning'inia, akauliza kwa adabu kama wageni wanaruhusiwa.

Jua likahama upande. Waziri, ambaye bila miwani aliona jukwaa kama wingu lenye mkono, alimvuta karani karibu.

"Chubwa, mbona kimya? Anafanya nini?"

"Anashukuru, Mheshimiwa."

"Amefika wapi?"

Chubwa alichungulia. "Pindo, Mheshimiwa."

"Pindo gani? Ukurasa, nakuuliza ukurasa!"

"Wa kwanza, Mheshimiwa. Mstari wa pili."

Waziri alipapasa pua yake mahali miwani ilipokuwa ikikaa. "Sasa mimi nitasomaje hotuba ya kufunga? Muulize kwa upole. Zimebaki ngapi?"

Chubwa aliitazama foleni ikivuka uwanja, ikitoka getini, ikipita kituo cha polisi na kukunja kona ya soko, watu wakiwa wameshika nguo zao mikononi, bila kelele.

"Nchi nzima, Mheshimiwa."